Nyumba ya Kakontwe ni ya Nani

Mwaka wangu wa pili wa masomo ya sheria, profesa wa falsafa alinivua kiatu. Huo ulikuwa mchezo wake. Kila alipofika kwenye somo la umiliki alishuka jukwaani, akachagua mwanafunzi wa mstari wa mbele, akamwomba kiatu cha kulia, akarudi nacho na kukiweka mezani pembeni ya chupa yake ya maji. Halafu akauliza ukumbi mzima, kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi: hiki kiatu ni cha nani?

Nilibaki na soksi, na soksi yenyewe ilikuwa na dirisha kwenye kidole gumba. Wenzangu walikuwa wakicheka. Profesa akaanza kuzipitisha shule zake za fikra mbele ya kiatu changu. Watu wa sheria ya asili, alisema, watauliza ni jasho la nani lililomo ndani yake, kwa hiyo kiatu ni cha fundi aliyekishona mpaka siku aliyokiuza kwa hiari yake. Watu wa shule ya historia watauliza wenyeji wa hapa wamezoea nini tangu mababu, maana kwao sheria huota mdomoni mwa watu kama lugha, haitungwi na mtu mmoja ofisini. Watu wa sheria iliyoandikwa hawana habari na jasho wala mababu, wao wanataka karatasi. Watu wa manufaa watapima nani ataumia zaidi akikikosa, huyu kijana au mimi mzee mwenye kidole kibovu. Na wale wa mwisho, wanaojiita watu wa uhalisia, watasema kiatu ni changu, kwa sababu ndicho hiki ninacho mkononi, na mitihani yenu nasahihisha mimi.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka, ningefanyaje? Lakini kiatu kile kilikuwa cha marehemu baba, na kwa desturi yetu hakikuwa changu, wala cha fundi, wala cha profesa. Kilikuwa cha wapwa wa baba. Walikikosa kwa sababu siku waliyokuja kuchukua vitu mimi nilikuwa nimekivaa.

Sisi tunahesabu ukoo kwa tumbo la mama. Mwanamume akifa, damu yake haiko kwa watoto aliowazaa, iko kwa watoto wa dada yake. Hao ndio wake. Watoto aliowazaa ni wageni aliowalisha, na mkewe ni mgeni aliyempikia. Kanisani tuliimba kwamba watu wote ni wa Baba mmoja, tukitoka nje kila mtu alikuwa wa mjomba wake.

Nyumba yetu ilikuwa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, juu kidogo ya soko. Baba alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, akiondoka asubuhi na kurudi jioni akinuka grisi. Nyumba aliijenga mama. Alibomoa kichuguu kilichokuwa kwenye kiwanja, akaukanda ule udongo kwa miguu, akafyatua matofali na kuyapanga, akayachoma kwa kuni alizobeba mwenyewe kutoka mbali. Mikono yake ilichubuka vibaya hata akawa anakula bukari, ugali wetu, kwa kijiko, na wanawake wa jirani wakamcheka kwamba amekuwa mzungu. Baba aliweka madirisha. Hilo sitamnyima marehemu, madirisha aliyaweka yeye.

Baba alipokufa, wapwa zake walisubiri kwa adabu mpaka kilio kikaisha. Mkubwa wao alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa sauti nzito na mashati yaliyonyooka. Alikuja na gari la mizigo, akaketi, akakubali munkoyo aliopewa, akaunywa wote. Ndipo akasema:

“Mama, tunakushukuru. Ulimuchunga mujomba yetu muzuri. Sasa kazi yako inaisha.”

Ndivyo anavyoachishwa mfanyakazi wa ndani, tena mfanyakazi hupewa notisi.

Mama akauliza, “Na mutoto?”

“Mutoto iko na bajomba yake. Aende kwabo.”

Wakachukua kitanda, televisheni, baiskeli, nguo za baba, mpaka pazia la mlangoni. Jikoni kulikuwa na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, motoni. Sufuria ilikuwa ya baba, sombe ilikuwa ya mama, basi wakaimimina sombe ndani ya beseni, taratibu, bila kumwaga hata tone, wakaondoka na sufuria. Mpaka leo sijaona mahakama iliyotenganisha mali kwa usahihi wa namna ile.

Nilikuwa na miezi michache tu chuoni na kichwa changu kilikuwa kimejaa vifungu. Nikamwambia mama kwamba kanuni ya familia ya nchi hii iko wazi: watoto ndio warithi wa kwanza, na mjane hatolewi ovyo katika nyumba aliyoishi na mumewe. Mama hakujua kwamba kuna kitu kama hicho. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa kuwa ana pacha. Tukaenda mahakamani, na hakimu, mwanamke mwenye miwani mnyororoni, akasoma hukumu akatupa haki yote, na mama akapiga makofi ndani ya chumba cha mahakama mpaka akakemewa.

Hukumu tuliipata. Nyumba hatukuipata. Siku mtekelezaji wa mahakama alipofika Kikula na askari wake, mwimbaji wa kwaya alikuwa ameshamuuzia mfanyabiashara wa unga, na mfanyabiashara alikuwa na hati mpya yenye mihuri inayong'aa, ameinunua, akasema, kwa moyo safi. Baba hakuwahi kufuatilia hati, alikuwa na kikaratasi cha ofisi ya komini, serikali ya mtaa, kilicholiwa na mende pembeni. Sheria iliyoandikwa ikaziangalia karatasi mbili ikachagua iliyo nzuri. Matofali ya mama hayakuitwa kutoa ushahidi.

Nilirudi chuoni nikiwa na hasira na shule zote. Walimu walitufundisha umiliki kwa mifano ya mashamba ya Ulaya na mito ya Ulaya, wakati hapa kwetu mchimbaji yeyote angeweza kulitoa somo lile vizuri zaidi. Nendeni Shinkolobwe, mgodi ambao umefungwa rasmi na watu wanaingia kuchimba. Serikali inasema kilicho chini ni chake. Chifu anasema kilicho juu ni chake. Mchimbaji anabaki na vumbi lililomwingia kifuani, na hilo hakuna aliyekwenda kuligombea.

Mama akapanga chumba nyuma ya baa moja, Kikula hiyohiyo, akauza makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mafungu. Kila alipopita mbele ya nyumba yetu alivuka barabara. Mfanyabiashara wa unga alikuwa amepaka ukuta rangi ya waridi. Mama hakulia wala hakulalamika, akawa mwanamke wa maneno machache na yote yakiwa na ncha. Mimi niliendelea kusoma, nikamaliza, nikabakizwa chuo kikuu Lubumbashi kama msaidizi wa mwalimu, nikaanza kufundisha mazoezi ya falsafa ya sheria, mimi wa soksi yenye dirisha. Chumba changu kilikuwa kitanda, vitabu, na nafasi ya kugeuka. Nilimwambia mama aje tukae wote. Akaniuliza kama atalala juu ya vitabu au chini yake.

Kisha akafa mjomba.

Mama alikuwa na kaka mmoja tu, na mimi ndiye mpwa pekee. Mjomba alifanya kazi miaka yote kwenye machimbo ya chokaa Kakontwe, nje kidogo ya Likasi, na chokaa ndiyo iliyommaliza, akawa anakohoa mpaka macho yanatoka. Aliacha nyumba nzuri ya matofali ya saruji, aliyoijenga ujanani kabla hajaoa, na mke, na watoto wanne. Mama alinipigia simu asubuhi. Hakulia.

“Yaya anakufwa,” alisema. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. “Kuya. Na uvae suti.”

Nikauliza suti ya nini, kwenye kilio watu wanakaa chini.

“Weye uvae suti.”

Nilifika Kakontwe nikamkuta mama ameketi kwenye kiti cha mjomba, mlangoni kabisa, kila aingiaye lazima ampitie. Funguo za nyumba zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni. Pembeni lilikuwa sanduku lake la bati. Alikuwa ameshahama. Kaka yake hajazikwa, yeye ameshahama.

Ndani, wifi yake, mke wa mjomba, alikuwa sakafuni, miguu ameinyoosha, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Desturi inawapa dada za marehemu ruhusa ya kumsumbua mjane kidogo, maneno mawili matatu ya kuchokoza, watu wanacheka, huzuni inapungua uzito. Mama alichukua ruhusa hiyo akaivuta mpaka ikakatika. Alimnyima maji ya kuoga. Alimwambia mbele ya watu, “Lia basi tuone, machozi yako iko wapi, ao uliiuza?” Alihesabu sahani kwa sauti. Binti mkubwa wa mjomba alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa serikali. Madaftari yake yalikuwa yametolewa nje, yamepangwa vizuri sana kwenye ukingo wa veranda, juu yake limewekwa jiwe yasipeperuke. Ule upangaji ndio ulionitisha. Mama alijua kila mahali panapouma kwa sababu kila mahali alishaumizwa yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mama alikuwa ameonja pande zote mbili, akaupenda wa kwanza.

Nilimvuta nyuma ya jiko.

“Mama, ile balikufanyia weye, njo unamufanyia wifi yako?”

“Eee. Njo ile. Nilijifunza muzuri, hapana?”

“Sheria inasema nyumba ni ya batoto yake.”

“Sheria gani? Ile ilinipatiaka karatasi? Minye ninalalaka mu karatasi?” Alinishika kola ya suti akainyoosha, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. “Sikia. Hii nyumba, mayi yote ya kukanda sima ya matofali minye njo nilibeba. Ku kichwa hii. Muchanga, minye. Yaya alikuwa anajenga, minye ninabeba. Huyu bibi yake alikuwa wapi? Alikuwa angali ananyonya.”

Alisema kweli. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa elimu yangu. Wanafunzi wangu wangefurahi kulifanya zoezi lile. Kwa shule ya jasho, nyumba ya Kakontwe ilikuwa ya mama, kwani mjane hakuchanganya humo hata ndoo moja ya maji. Kwa shule ya mababu, ilikuwa ya mama pia, kupitia kwangu mimi. Kwa uhalisia, funguo zilikuwa kwenye pindo la kikwembe chake, na hakuna askari ambaye angetoka Likasi mjini kuja kuzifungua. Waliobaki upande wa mjane walikuwa wawili tu: kanuni iliyoandikwa, ambayo mama alishailipia nauli na kurudi mikono mitupu, na ile shule ya manufaa inayopima maumivu kwa vichwa, watano upande huu na mmoja upande ule. Na yule mmoja alikuwa mama yangu.

Ningeweza kumwambia kwamba jasho halikumsaidia Kikula, kwa hiyo asilitaje Kakontwe. Ningeshinda hoja. Chuoni ningepewa alama nzuri.

Niliingia ndani kumpa pole mjane. Sikuwa nimemzoea sana, alikuwa mwanamke mkimya, mzuri wa kupika, anayekupakulia bila kukuuliza. Hakuinua uso.

“Weye njo unasomaka bintu ya sheria,” alisema. “Unielezee kidogo tu. Minye niko muntu ya nani sasa?”

Nilimwambia kwamba mtu si wa mtu. Akatikisa kichwa polepole, kama unavyomtikisia mtoto aliyejibu vibaya lakini kwa adabu.

Tulimzika mjomba. Baada ya maziko wazee wa ukoo wakakaa kuzungumza mambo ya nyumba. Siku hizi mjini watu wanayafupisha: mzee anasema maneno mawili, familia ya marehemu inashika funguo, mjane anapewa muda wa kufungasha, padri hajui lolote, mambo yameisha. Wazee walitaka hivyo. Walikuwa na haraka, magari ya kukodi yanasubiri. Mzee wao, ndugu wa mama yake mama, mtu wa kofia ya sufu hata kwenye jua, akasema nyumba ibaki mikononi mwa dada ya marehemu, basi.

Mama ndiye aliyekataa. Alishaona mahakamani jinsi kitu kisichokamilika kinavyomponyoka mtu. Alitaka yote, kama zamani, hatua kwa hatua, asije mtu kesho na karatasi wala na neno.

“Bamupatie mayi,” alisema. “Bamupatie jina ya yaya. Yote. Batu bote baone.”

Mzee akauliza: “Yote? Unajua mayi ile, muntu akishakunywa, haitapike.”

“Yote.”

Kupewa maji ni hivi. Marehemu haachwi na nafasi tupu. Mpwa anakalishwa kwenye kiti chake, anapakwa unga mweupe kwenye paji la uso na mikononi, anapewa maji katika kikombe cha marehemu, na akiyanywa anaitwa kwa jina lake. Kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu ni watoto wake, wadeni wa marehemu ni wadeni wake, na neno la kwanza atakalosema juu ya nyumba halijibiwi na mtu. Wapwa wa baba walipokuja Kikula walichukua vitu wakayaruka maji, kwa sababu maji yanakuja na watoto wa kulea. Walitaka sufuria, hawakunitaka mimi. Desturi waliyoitumia ilikuwa nusu ya desturi, na sisi tulihukumiwa kwa nusu ile. Mama alikuwa na nafasi ya kuwaiga. Uchungu wake ulimfanya akamilishe.

Nikavuliwa koti la suti. Nikakaa. Kikombe kilikuwa cha bati lenye rangi ya bluu, kimebanduka mdomoni, na maji yalikuwa na ladha ya chokaa, kama maji yote ya Kakontwe. Nilikunywa mpaka mwisho. Mzee akalitaja jina la mjomba, mara moja, akiniangalia mimi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto mdogo wa mjomba alisukumwa mbele, akaja akaniegemea gotini, akaniita baba, akapata unga kwenye shavu. Wazee wakaja mmoja mmoja kunisalimu kama walivyomsalimu yeye. Na mama, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu Kikula, akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi ya heshima, akasema kwa sauti ya kila mtu, “Yaya yangu anarudia!” Watu wakacheka, kwa sababu inachekesha: mama amekuwa mdogo wa mwanawe. Yeye alicheka kuliko wote.

“Sasa sema,” mzee akaniambia. “Nyumba yako, batu yako. Unasema nini?”

Watu wanaposimulia mambo kama haya hujipa roho nzuri. Mimi sikuwa na roho nzuri siku ile. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mama, si ya mtu mwingine. Mwimbaji wa kwaya nilimchukia, lakini yeye hakuwahi kutolewa nyumbani, alikuwa mjinga wa jambo hilo, alimimina sombe kama mtu anayefanya kazi. Mama alijua. Aliyaweka madaftari ya yule binti chini ya jiwe huku akijua. Nilimtazama akiwa pale chini anacheka, funguo kwenye pindo, nikasema:

“Bibi yangu atabaki. Batoto yangu batabaki. Nyumba haiuzwe, haigawanywe. Funguo zirudi kwake.”

Mzee wa kofia alikunja uso, akafikiri, kisha akapiga makofi yake makavu, taratibu. Wengine wakapiga. Hawakulipenda neno lile, nina hakika, lakini lilikuwa neno la mwenye kiti, na wao ni watu wa desturi. Hapo ndipo nilipoielewa shule ya historia, ambayo chuoni nilikuwa nikiidharau kama shule ya wazee wanaosinzia: desturi haikujali nani anaitumia, ilijali tu kama umeinywa mpaka mwisho.

Mzee akauliza, “Na mudogo yako?”

“Mudogo yangu iko na kwake,” nilisema.

Mama aliacha kucheka. Alibaki magotini, hakuwa na haja ya kupiga tena magoti. Akafungua pindo la kikwembe kwa meno, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza, akatoa funguo, akaziweka sakafuni mbele yangu.

“Yaya,” alisema, na hakukuwa na mzaha tena. “Chumba ya Kikula nilisha kurudisha. Bantu ingine banaingia. Nilale wapi?”

Sikujua hilo. Ningelijua ningesema nini? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni kwamba ningesema vilevile. Mgala muue na haki yake mpe, walisema wahenga, na mjane alikuwa na haki. Lakini wahenga hawakusema ufanye nini mgala akiwa ndiye aliyekuzaa.

Nikamwambia aje kwangu Lubumbashi. Akasema kwamba haifai mwanamke kwenda kuishi na kaka yake ambaye ana mke na watoto Kakontwe. Alilisema kwa unyenyekevu kamili. Nikamwangalia mjane, nikitumaini kwamba atasema neno, kwamba chumba cha nyuma ni kitupu, alale humo hata kwa wiki moja. Mjane alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Aliziokota funguo, akazipangusa unga kwa kiganja.

“Wifi,” alisema, “sanduku yako inafunga mulango.”

Binti mkubwa alishatoka kwenda kuchukua madaftari yake. Mama alijaribu kuliinua sanduku peke yake, likamshinda, nikainuka kumsaidia, na mzee akanizuia kwa mkono: mwenye unga usoni habebi mizigo siku hiyo. Akaliburuta mwenyewe mpaka barabarani. Lilichora mstari kwenye uwanja wote.

Alilala wiki kadhaa kwa mwanamke mmoja wa kwaya ya parokia, baadaye akapata chumba kingine Kikula, upande wa bondeni, akarudi kwenye makala. Binti wa mjomba alifaulu mtihani. Mjane ameolewa na dereva, na dereva anaishi kwenye nyumba ya Kakontwe, anakalia kile kiti. Desturi inaniruhusu kumtoa, sheria haina uhakika. Sijamtoa. Nimechoka na kutoa watu. Wanafunzi huniuliza mimi binafsi ni wa shule gani, nami huwajibu wasome kwanza.

Nikija Likasi namtembelea mama. Napeleka mchele, mafuta, sabuni. Ananikaribisha vizuri sana, vizuri kupita mama yeyote ninayemjua. Anapiga magoti mlangoni, anapiga makofi, ananiita yaya, ananipa kiti yeye anakaa kwenye mkeka. Mwanzoni nilimwomba aache. Nililia mbele yake, nikamwambia, mama, mimi ni mwanao. Alitazama pembeni kwa aibu, kama mtu ambaye kaka yake amelewa hadharani.

Mara ya mwisho alikuwepo jirani mpya, mama mmoja aliyehamia kutoka Kambove, mchangamfu, anayependa kujua habari za watu. Alinisalimu, akamgeukia mama, akauliza Mungu alimjalia watoto wangapi.

“Nilizaaka mutoto moya tu,” mama alisema. “Mwanamume. Alikuwa na akili ya masomo.”

“Eko wapi?”

“Alikufwa. Siku ya kilio, wakati balimupatia huyu yaya yangu mayi.”

Jirani akashika mdomo, akasema pole, pole sana, mama. Mama akaipokea ile pole kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa heshima zote anazostahili kaka mkubwa, kama sukari kwenye chai yangu inatosha.